Alifanikiwa kucheza mechi moja? Alifanikiwa nini hasa?

Msomaji anaandika habari za Archibald Graham, yule wa besiboli ya Marekani waliyembandika jina la Moonlight, anauliza aseme "alifanikiwa kucheza Giants mechi moja" au "alifanikiwa kuchezea Giants mechi moja".

Timu unaichezea, mechi unaicheza. Alichezea Giants, alicheza mechi moja. Hilo limeisha. Ila hiyo "alifanikiwa" uliyoichomeka hapo jamani ndo imenitoa usingizini, maana siku hizi hakuna kitendo kinachofanyika bila kufanikiwa, beki amefanikiwa kujifunga, moto umefanikiwa kuteketeza maduka, utadhani moto nao ulikuwa na ndoto zake! Neno lenyewe linatoka kwenye fana, ile ile ya harusi imefana. Sasa maduka yakiungua nani kafana hapo?

Mwangalie huyo Graham wako. Tarehe 29 Juni 1905, Giants wa New York wako Brooklyn, wanashinda 11 kwa 1, yaani mechi imeshakufa, kocha John McGraw ndo anamkumbuka, anamwingiza mwishoni akasimame mbali huko upande wa kulia wa uwanja kudaka mipira. Giants wanarudi kupiga mpira, mmoja mmoja kwa zamu, zamu inasogea, inasogea, Graham anasubiri kwa sababu anayefuata ni yeye, mwenzake aliyemtangulia anatolewa, na hapo Giants hawapigi tena. Mpira hakuupiga hata mara moja, na ligi kuu hakurudi tena mpaka kufa. Hayo ndo mafanikio? Kama unamwonea huruma sema "aliambulia mechi moja", neno limekaa pale pale, linabeba na machungu yake. Kama huna huruma sema alicheza, basi, kitenzi kinajitosha hakihitaji msindikizaji.

"Alibahatika" nitaivumilia, nimeshazeeka siwezi kugombana na kila mtu.

Halafu kinachonishangaza, umeiweka pale isipotakiwa ukainyima panapoistahili. Huyo bwana alisomea udaktari, akahamia Chisholm huko Minnesota, mji wa machimbo ya chuma, akatibu watoto wa shule miaka na miaka, akafanya mpaka utafiti wa presha ya damu kwa watoto, alikufa 1965. Wewe umeandika "alikuwa daktari" ukapita. Hapo ndo uandike alifanikiwa, tena kwa wino mzito! Na mhariri wako akikurudishia ile ya kwanza kwenye mechi, muulize alifanikiwa kupiga mpira upi.