Msimwambie kwamba inamjenga

Ndugu wahariri, mmeuliza wiki hii, "Je, shida uliyopitia iliongeza imani yako kwa Mungu au iliipunguza?" Nitajibu, ila naombeni kwanza niongelee sisi tunaokaa pembeni ya mwenye shida, maana hapo ndo panaponiuma. Mtu akipatwa na jambo tu, hata machozi hayajakauka, tayari ameshatumiwa Warumi 5, dhiki kazi yake ni kuleta saburi, saburi ilete uthabiti wa moyo, na uthabiti ulete tumaini. Andiko la kweli na mimi naliamini, lakini jamani Paulo aliyeliandika alikuwa ameshapigwa bakora, ameshapigwa mawe, ameshavunjikiwa jahazi, yani alikuwa anasema ya kwake mwenyewe. Ni tofauti kabisa na mtu mzima na afya yake kumsomea mwenzake aliyeinama analia.

Mdogo wangu alifiwa na mtoto wake wa kwanza, mtoto mchanga, hata kumzoea vizuri walikuwa hawajamzoea. Tulivyorudi kuzika nyumba ikajaa watu wa kanisani na kila anayeingia ana neno lake. Kazi ya Mungu haina makosa. Mungu ana makusudi yake. Bado kijana, atakupa mwingine. Mama mmoja ninayemheshimu sana akamshika mabega akamwambia usilie mpendwa, hii ni shule, Mungu anakupandisha darasa, na mdogo wangu akamuangalia tu halafu akainuka akaenda chumbani, akaanza kukunja zile nguo za mtoto, anakunja anapanga, akimaliza anakunjua anaanza upya. Mi nimesimama mlangoni sina cha kusema. Kuanzia hapo akaacha kuomba. Kanisani anaenda, anakaa, wenzake wakisimama kuimba na yeye anasimama ila mdomo hafungui, na watu wakaanza kuniuliza pembeni eti mdogo wako amerudi nyuma?

Sasa kulikuwa na bibi mmoja pale kanisani, mjane, na yeye alishazika watoto. Huyu hakuja siku za mwanzo. Alikuja watu walipokwisha kuondoka, kile kipindi simu zimeacha kulia na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake. Aliingia akaomba maji, akakaa kimya muda mrefu mpaka nikaanza kujisikia vibaya nikatamani mtu aseme kitu, halafu akatoa Biblia kwenye mfuko, Biblia kuukuu jalada limeshikiliwa na gundi ya karatasi, akamwambia mdogo wangu, "Mjukuu wangu, nakusomea moja tu." Akasoma Zaburi ya 88. Wanaoijua wanajua. Zaburi karibu zote za kilio zinaanza na machozi lakini mahali fulani zinageuka, ile ya 13 inaanza na hata lini, Bwana, halafu mwisho anaimba. Ya 88 haigeuki. Mtu analia mchana na usiku, anamuuliza Mungu kwa nini unanificha uso wako, na inaishia gizani, hakuna amina, hakuna sifa. Bibi akafika mwisho akafunga Biblia na hakuongeza hata neno moja la kuifafanua.

Mdogo wangu akauliza, "Bibi, hiyo nayo imo kwenye Biblia?"

Akamjibu, "Imo. Na iliimbwa hekaluni."

Basi, akamalizia maji yake akaaga. Wiki iliyofuata akaja tena akasoma ile ile, na aliendelea kuja. Kuna siku bibi miwani ilikuwa imevunjika mkono akashindwa kusoma, akampa Biblia mdogo wangu asome yeye, akasoma sauti inakatika katikati, alipofika pale pa kwa nini unanificha uso wako hakuendelea, akaanza kuongea na Mungu kwa maneno yake mwenyewe, tena kwa ukali, maneno ambayo kwenye maombi ya hadharani mtu angetolewa nje. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa tu anaitikia, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana. Mimi nilidhani ndo imani imeisha pale. Kumbe ndo yalikuwa maombi yake ya kwanza tangu msiba.

Tangu siku ile nasoma Ayubu tofauti. Wale rafiki zake watatu tunawasema sana, lakini siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walikuwa sahihi. Walipofungua midomo kumtetea Mungu ndo wakaharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule yule aliyekuwa analalamika sura kwa sura. Martha naye, alipofiwa na ndugu yake Lazaro, alimwambia Yesu, Bwana ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, hiyo ni lawama kabisa, na Yesu hakumkemea. Mtu hamlalamikii hivyo asiyemwamini kwamba anasikia.

Nilipoanza kuandika nilitaka niseme hapana, shida haijengi imani, watu ndo wanajenga au wanabomoa. Ila nikimuangalia mdogo wangu leo siwezi kusema hivyo na nikawa mkweli. Anaomba kuliko zamani, na haombi kwa kupamba. Nilimuuliza mwaka huu kama imani yake imekua, akasema, "Dada, sijui kukua, najua tu kwamba nilimwambia Mungu yote na hakuniacha." Akaongeza kwamba angepewa kuchagua angechagua mtoto wake, na imani ibaki ndogo kama ilivyokuwa. Na mimi namwelewa.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inaimarisha, ila nasema ndiyo kwa niaba yake yeye tu, maana Yesu mwenyewe kwenye ule mfano wa mpanzi alisema wapo ambao dhiki ikija wanaanguka, mbegu iliyoota kwenye mwamba bila mizizi. Ingawa hata huo mfano sipendi kuutumia kumpima mtu, kwa sababu shemeji yangu, baba wa yule mtoto, alizika mtoto yule yule siku ile ile, na hajarudi kanisani mpaka leo. Yeye hakuna aliyemsomea Zaburi yoyote, wote tulikuwa tumemzunguka mama. Siku hizi naenda namkuta amekaa nje, nakaa naye, tunaongea mambo ya kazi, Mungu sijamtaja na yeye hajamtaja. Juzi tu aliniuliza yule bibi aliyekuwa anakuja yuko wapi siku hizi. Nikamwambia yupo. Akasema sawa.

Ndugu wahariri, mimi na mdogo wangu tuwekeni upande wa ndiyo. Shemeji msimuweke upande wowote kwanza.