Sentensi ambayo baba hakuimaliza

Miezi michache kabla baba hajafariki, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake nikijibu ujumbe kwenye simu. Akasema, "Mwanangu, mimi nilipokuwa na umri wako..." Simu ikaita. Nikainua kidole kumwomba asubiri, nikatoka nje kuongea. Niliporudi alikuwa amefumba macho. Nikajiambia atanisimulia kesho. Kesho yake hakusema, na mimi sikuuliza.

Nimeishi na sentensi hiyo kwa miaka. Si kwamba sikumtunza. Maswali nilimwuliza kila siku: Umekunywa dawa? Umelala? Maumivu yamepungua? Yalikuwa ya lazima, na sijutii kuyauliza. Ila yote yalihusu mwili wake. Habari za mtu aliyekuwa ndani ya mwili ule sikuziuliza, na muda nilikuwa nao.

Walionifariji waliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini ukweli huo haukuniletea usingizi. Nikamwomba Mungu msamaha, nikaomba tena, kila jioni jambo lile lile, kama mtu anayeendelea kulipa deni ambalo mwenye kudai alishalifuta. Nilidhani huo ndio unyenyekevu. Leo naona kwamba sikuwa nimemwamini. Mdomo ulisema "nimekuachia, Bwana," huku mkono umekaza.

Kilichoanza kunifungua ni Yohana sura ya 21. Petro alimkana Yesu mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuo anafika ufukweni, na anachokikuta ni moto wa makaa, samaki juu yake, na Yesu. Neno la Kigiriki la moto huo linapatikana mahali hapo pawili tu katika Agano Jipya. Mimi naamini ule moshi ulimchoma Petro moyoni kabla hajaambiwa lolote. Na pale, penye harufu ya kosa lake, haulizwi "kwa nini ulinikana?" Anaulizwa kama anampenda Bwana, mara tatu, hadi akahuzunika. Kila akijibu, anakabidhiwa kondoo wa kulisha. Hakuambiwa asahau. Alipewa watu wa kuwatunza.

Baada ya hapo nikaanza kuyaona maswali ya Mungu kila mahali. Adamu amejificha, anaulizwa, "Uko wapi?" Hajiri, mjakazi aliyemkimbia bibi yake, yuko jangwani, anaulizwa anatoka wapi na anakwenda wapi. Nabii Eliya yuko pangoni amechoka na maisha, anaulizwa mara mbili anafanya nini hapo, naye anajibu mara mbili kwa maneno yale yale, na Mungu anamwacha ayamalize. Bartimayo ni kipofu, shida yake kila mtu anaiona, hata hivyo Yesu anamwuliza anataka afanyiwe nini. Anayejua yote anauliza. Nadhani ni kwa sababu mtu akipewa nafasi ya kulisema lake mwenyewe, hapo ndipo anapojua kwamba amesikilizwa.

Mama mmoja mtu mzima tunayesali naye aliniona nikilia, akakaa karibu yangu. Hakunipa shauri. Aliniuliza, "Kama baba yako angekuwa amekaa hapa, ungemwuliza nini?" Yakanitoka maswali kama kumi mfululizo: aliogopa nini, nani alimvunja moyo, ni lini alijua kwamba anampenda mama. Akasikiliza yote, akasema, "Hayo hayo mpelekee Mungu." Usiku ule sala yangu ilibadilika. Nikasema, "Bwana, sentensi ya baba Wewe unaujua mwisho wake. Nitunzie." Nililala.

Hapa lazima niseme jambo moja bila kuzunguka. Kumwachia Mungu yaliyopita si njia ya kumkwepa uliyemkosea ambaye bado yu hai. Zakayo, yule mtoza ushuru, hakuishia kufurahi kwamba Yesu ameingia nyumbani mwake. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Kama unaweza kwenda, nenda. Ninachosema cha kumwachia Mungu ni kile ambacho huwezi tena kukifikia kwa miguu yako.

Na walio hai, waulize. Nimejifunza kwa kukosea kwamba "kwa nini" ni neno la kutumia kwa uangalifu, maana mtu husikia mashtaka hata kama hukuyakusudia. "Kwa nini uliacha kazi?" humfanya ajitetee, "ilikuwaje siku ulipoamua kuacha?" humrudisha kwenye siku yenyewe. Uliza moja, kisha nyamaza. Ukimya utakutesa, utatamani kuujaza kwa kisa chako. Uvumilie, kwa sababu mara nyingi jibu la kwanza ni la adabu na la pili ndilo lake. Usiulize mbele za watu. Akisema hataki kulizungumzia, mshukuru na umwache, swali si ndoano.

Wengine hufunguka zaidi mkitembea pamoja, au mikono ikiwa na kazi, kuliko mkiangaliana usoni. Na lililo kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kurudi: "Wiki ile uliniambia habari ya yule rafiki yako mliyegombana. Imefikia wapi?" Sijaona swali linalomgusa mtu kama hilo, maana linamwambia kwamba alipoondoka hukumsahau.

Ilinichukua muda kuyapeleka haya nyumbani. Kumhoji mgeni ni rahisi kuliko kumhoji mama yako, ambaye unadhani unamjua. Siku moja tulikuwa tunakunja nguo, nikiwa nimeiacha simu chumba kingine. Nikamwuliza, "Mama, ulipokuwa na umri wangu, ulikuwa unaogopa nini?"

Aliendelea kukunja. Nikahisi nimekosea, nikataka kubadili mazungumzo, nikajizuia. Akaiweka shati aliyoishika mapajani, akasema taratibu, "Niliogopa nitakufa kabla hamjakua. Kila usiku. Baba yenu pekee ndiye aliyejua." Akasimulia hadi chumba kikaingia giza na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Alichotaka kusema baba siku ile naye hakukijua. Nilimwuliza, akatikisa kichwa.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unaogopa nini?"

Sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilifungua mdomo niseme "sina neno, mama," kama kawaida yangu. Nikaufunga, nikatafuta jibu la kweli, naye akanisubiri.