Bwawa Linanuka Dawa na Macho Yanawasha

SWALI: Bwawa letu la nyumbani hapa Nyali lina ujazo wa lita 50,000, na tunalijaza kwa maji ya kisima. Siku hizi maji yana ukungu, yananuka klorini, na watoto hutoka na macho mekundu. Tumempunguzia kijana anayelitunza kiasi cha dawa, lakini hali imezidi. Tufanyeje? – Mama Msomaji, Mombasa

JIBU: Mama, harufu hiyo kwa kawaida haitokani na klorini iliyozidi, bali na klorini iliyokwisha kushikamana na jasho na mkojo wa waogeleaji ikawa kloramini, ambayo huwasha macho na ina uwezo mdogo sana wa kuua vijidudu. Kupunguza dawa, basi, kumeliongeza tatizo.

Kabla ya kutia chochote, pimeni pH, yaani kipimo cha utindikali wa maji: kadiri inavyopanda, ndivyo utindikali unavyopungua. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa ambayo huielekeza pH juu. pH ikiwa 7.5, takriban nusu tu ya klorini ndiyo yenye makali. Ikifika 8, hubaki kama robo. Ishusheni hadi kati ya 7.2 na 7.6 kwa tindikali ya haidrokloriki, pampu ikiwa inafanya kazi. Tindikali hutiwa kwenye ndoo yenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Nakusihi pia isiwekwe chumba kimoja na klorini, kwani vikichanganyika hutoa gesi inayoweza kuua.

Kisha pimeni klorini kwa vidonge vya DPD, ambavyo huyageuza waridi maji yenye klorini: namba 1 huonyesha klorini huru, yaani ile ambayo bado haijashikamana na uchafu, na namba 3 ikiongezwa huonyesha jumla, tofauti yake ndiyo kloramini. Tofauti ikiwa miligramu 1 kwa lita, klorini huru inapaswa kupandishwa hadi 10 kwa mkupuo mmoja. Kwa bwawa lenu, ikiwa klorini huru imekwisha kabisa, hizo ni takriban gramu 770 za unga wa kalsiamu haipokloriti wa asilimia 65. Utieni jioni, kwa sababu jua huimaliza klorini upesi, na mtu yeyote asiingie mpaka kipimo kirudi kati ya 1 na 3.

Asubuhi yake kijana awe mwangalifu: klorini ikiwa nyingi mno, maji ya kwenye kichupa cha kupimia hugeuka waridi kwa muda mfupi kisha yakawa meupe, naye akadhani dawa imekwisha akaongeza nyingine. Akiona hivyo, ayazimue maji hayo kwa maji safi yasiyo na klorini, apime upya, kisha azidishe jibu kwa kadiri alivyoyazimua: akichanganya nusu kwa nusu, azidishe kwa mbili.