Kupanda Katahdin: panga kwa saa, usipange kwa maili

Ukishahamia Portland au Lewiston na miguu ikaanza kuwasha, haitapita kiangazi kabla mtu hajakutajia Katahdin. Ndio mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Maine, Marekani: futi 5,267, yaani kama mita 1,605. Aliyekulia Goma, ambako mji wenyewe umekaa karibu mita 1,500, huisikia namba hiyo akacheka. Asicheke mapema. Kwa njia ya Hunt unaanzia kwenye futi kama 1,100, na unapanda zaidi ya futi 4,000 ndani ya maili 5.2, sehemu kubwa ikiwa ni mawe matupu. Kinachowaangusha wageni hapa ni saa, kuliko urefu.

Basi anza na hesabu. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila maili 3, halafu nusu saa kwa kila futi 1,000 za kupanda. Kwa Hunt unapata karibu saa 3 na dakika 50 mpaka kileleni. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, bila kupumzika. Hunt ina sehemu za kupandia kwa mikono, na mahali pengine vimepigiliwa vyuma kwenye mwamba ili upate pa kushika. Ongeza nusu: inakaribia saa 6. Kushuka nako msijidanganye, maana magoti yamechoka na kila jiwe linataka uangalie unapokanyaga. Weka saa 4 hadi 5. Jumla ni saa 10 au 11. Ukianza saa 1 asubuhi utarudi kwenye gari kukiwa bado na mwanga. Ukianza saa 4, utashuka mawe yale yale gizani.

Kwa hiyo amueni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, na iwe ya kundi zima. Saa 7 mchana inafaa kwa walio wengi. Ikifika mkiwa bado chini ya kilele, mnageuka, hata kama kilele kinaonekana. Hapo ndipo makundi hugombana, kwa hiyo mkubaliane mkiwa bado nyumbani.

Saa inaanza kuhesabiwa getini. Mlima umo ndani ya Baxter State Park, na pasi ya mwaka ya hifadhi nyingine za jimbo haikufai hapo, kwa kuwa Baxter inasimamiwa peke yake. Percival Baxter, aliyekuwa gavana miaka ya 1921 hadi 1925, alinunua ardhi kwa fedha zake na kulikabidhi jimbo kidogo kidogo tangu 1931, kwa sharti kwamba ibaki pori daima. Masharti yake unayaona mpaka leo: hakuna umeme, hakuna maji ya bomba, mbwa haruhusiwi, na kundi moja lisizidi watu 12. Spika za muziki acheni nyumbani. Mtoto wa chini ya miaka 6 haruhusiwi kupita pale miti inapoishia, kwa hiyo msipange kumbeba mgongoni.

Gari lenye namba za Maine huingia bure, lakini nafasi ya maegesho inabidi uiwekee mapema mtandaoni, na ni ya uwanja mmoja tu. Ukiweka ya Roaring Brook, huwezi kubadili mawazo asubuhi ukaenda Katahdin Stream, ambako njia ya Hunt inaanzia. Geti la Togue Pond hufunguliwa saa 12 asubuhi wakati wa kiangazi, na usipofika kufikia saa 1 na dakika 5 nafasi yako anapewa anayesubiri. Kutoka Portland mpaka Millinocket ni mwendo wa saa 3 hivi, kisha maili 18 mpaka getini, kisha maili 8 za barabara ya vumbi ambayo mwendo wake hauruhusiwi kuzidi maili 20 kwa saa. Laleni Millinocket au kwenye kambi za ndani. Anayekesha barabarani anaanza mlima akiwa tayari amechoka.

Kwa safari ya kwanza, tunashauri Roaring Brook badala ya Hunt. Maili 3.3 mpaka Chimney Pond, ziwa dogo chini ya kilele, kisha njia ya Saddle, maili 2.2, mpaka kileleni. Chimney Pond kwenyewe panatosha kuwa mwisho wa safari kwa mwenye watoto. Njia ya Cathedral inatoka hapo hapo na ni fupi zaidi, ndiyo maana inavutia; ni ukuta, na kuishuka ni kujitafutia balaa. Knife Edge, ule ukingo wa maili 1.1 ambao mahali pengine hauzidi upana wa mita moja, uacheni siku ya upepo au mvua. Ukishaingia katikati, hakuna njia ya pembeni ya kutokea.

Begani: lita 3 za maji kwa kila mtu, tochi ya kichwani na betri za akiba, koti la mvua, sweta ya sufu hata mwezi Julai, na chakula cha kuliwa mkitembea. Suruali ya jinzi haifai kabisa, kwa kuwa ni ya pamba; pamba ikilowa haikauki upesi, na juu ya miti upepo huondoa joto mwilini haraka. Maji ya vijito yachemsheni dakika moja au yachujeni, kwa sababu yana vijidudu vya kuharisha. Mwezi Juni usubi ni wengi kiasi cha kumfanya mtu arudi, hivyo chukueni kofia ya chandarua. Mkirudi kwenye gari, kagueni kupe nyuma ya magoti na kwenye mstari wa nywele.

Simu haishiki mtandao. Mwachieni mtu karatasi yenye jina la njia, namba ya gari na saa ya kuwatafuta, kisha jiandikisheni kwenye daftari mwanzo wa njia na mjiondoe mnaporudi.

Kurudi usiku, punguzeni mwendo mpaka Bangor. Moose ni mnyama mweusi, mrefu, anayeweza kufika kilo 500. Taa za gari humulika miguu yake tu, na ukimgonga kiwiliwili chake kinaingia kupitia kioo cha mbele.