Lazima kila aliye tofauti awe shujaa? Maswali yenu kuhusu vitabu vya watoto

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: vitabu gani vitamsaidia mtoto kuishi vizuri na wenzake wasiofanana naye? Nimechagua barua sita.

Darasani kwa mwanangu wa miaka sita kumekuja mtoto mwenye ualbino, na wenzake wanakataa kushikana naye mikono. Ninunue kitabu gani? (Mama, Tanga)

Kabla ya kitabu mpe majibu, maana anayeogopa kushika mkono anadhani ataambukizwa. Mwambie ualbino haushikwi kwa kugusana. Mtu huzaliwa nao, anarithi kwa mama na kwa baba, hata wazazi wenyewe wakiwa weusi. Mweleze pia kwa nini mwenzake anavaa kofia pana na kukaa dawati la mbele: ngozi yake inaungua upesi na jua, na macho yake hayaoni mbali. Mtoto wa miaka sita huyaelewa haya bila shida. Wanaosumbua ni watu wazima.

Sasa kitabu. Ukiomba dukani hadithi ya mtoto mwenye ulemavu au ualbino, nyingi utakazopewa zina mkondo uleule. Mtoto anatengwa, kijiji kinapatwa na balaa, tuseme mto unafurika, yeye ndiye anakiokoa, basi watu wote wanampenda. Mimi hadithi hizi sizipendi. Zinamwambia msomaji kwamba aliye tofauti hupokelewa akishalipa kiingilio. Je, mto usingefurika? Angebaki peke yake chini ya mwembe mpaka lini?

Tafuta kitabu ambacho mtoto huyo ana hamu zake mwenyewe: anataka kuendesha baiskeli ya kaka yake, anadokoa sukari, anagombana na rafiki kisha wanapatana. Ukiuondoa ualbino na hadithi ikabaki haina kitu, ujue mwandishi alikuwa anaandika somo, mtoto hakumwona. Angalia na lugha. Kitabu kinachomwita mtu «zeruzeru» bila mhusika yeyote kukemewa, kirudishe rafuni.

Kuna riwaya ya Kiingereza ya Tara Sullivan, *Golden Boy* (2013), kuhusu kijana mwenye ualbino anayewindwa hapa Tanzania. Hiyo ni ya wakubwa, miaka 12 na kuendelea. Ukimsomea wa miaka sita atalala na taa.

Binti yangu ana miaka minne. Karibu vitabu vyote tulivyonavyo, mhusika mkuu ni mvulana. (Baba, Nakuru)

Badilisha jina. «Juma alipanda mti» ikiwa «Rehema alipanda mti», hakuna kitenzi kitakacholalamika. Picha tu ndizo zitakazokusaliti, na binti yako atakuwa wa kwanza kukushtaki.

Unaponunua vipya, tazama nani anafanya nini. Mama kupika si kosa. Kosa ni pale kila mama katika kila kitabu anapika na kila baba anasoma gazeti. Akiwa mkubwa, Kiingereza kikishakolea, mtafutie *Hawa the Bus Driver* cha Richard Mabala, cha mwanamke anayeendesha basi Dar es Salaam. Waliosoma sekondari Tanzania wengi watakuwa wanakikumbuka. Na kama una mtoto wa kiume, vitabu vya wasichana ni vyake pia. Binti tunampa kitabu cha mvulana bila kufikiri mara mbili, lakini kumpa mvulana cha msichana tunasita, na yeye anatuona tukisita.

Mwanangu, mimi huwasimulia wajukuu hadithi za zamani. Mama yao anasema zinafundisha ubaguzi: mama wa kambo katili, kizee mchawi, kibiongo mwizi. Niache? (Babu, Pemba)

Shikamoo babu. Usiache. Watoto wanaoitikia «Pakawa!» kila jioni wana kitu ambacho hakuna duka linalokiuza. Na humo humo usawa umejaa tele: sungura na udogo wake anamzidi akili simba, Abunuwasi anawaaibisha wakubwa mbele za watu.

Hata hivyo mama yao ana hoja, na pazito ni pa huyo kizee. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Wekundu wenyewe mara nyingi ni wa moshi, wa miaka na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Sisemi hadithi ndiyo iliyoua. Nasema aliyeua hakuibuni sura ile. Alikuwa anaijua tayari.

Kwa hiyo mchawi abaki mchawi, ila mpe sura nyingine. Awe kijana mtanashati, awe tajiri wa mtaa anayenukia marashi. Mwizi naye mvue kibiongo, ubaya wake ukae katika alichoiba. Wewe msimulizi una uhuru ambao mwenye kitabu hana: unageuza usiku huohuo, hakuna wa kukudai. Mama wa kambo ndiye mgumu, kwa sababu ukimtoa hadithi nzima inaanguka. Hapo tazama kwanza kama kati ya wajukuu na marafiki zao yupo anayelelewa na mama wa kambo. Akiwepo, usiku huo simulia ya sungura.

Binti yangu wa miaka saba ndiye mweusi pekee darasani. Ameanza kusema rangi yake ni mbaya. (Mama, Oslo)

Pole sana dada. *Sulwe* cha Lupita Nyong'o (2019) kinagusa jambo hilihili: msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao, anayetamani kuwa mweupe kama dada yake. Kimetoka pia kwa Kiswahili na Kidholuo. Ukilipata la Kiswahili ni bora, maana mazungumzo haya hutoka vizuri kwa lugha ya nyumbani.

Kisome, lakini kisiwe dawa ya kila jioni. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba rangi yake ni nzuri, mwisho atajiuliza kwa nini inahitaji kutetewa kiasi hicho. Changanya na vitabu ambavyo mtoto mweusi yupo tu. Kwa huko kwenu hakuna kinachofaa kama *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, cha 1962. Peter anaamka, anakuta theluji, anatoka kucheza. Basi. Rangi yake ipo kwenye picha, haimo kwenye maneno. Kilipata nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto, mwaka uliofuata, wakati ambapo mtoto mweusi kuwa mhusika mkuu wa kitabu cha picha Marekani lilikuwa jambo adimu. Hata mwaka 1985, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison kilipohesabu vitabu takriban 2,500 vya watoto, vya waandishi na wachoraji weusi vilikuwa 18.

Na mpelekee mwalimu nakala. Wale wenzake darasani ndio wanaovihitaji zaidi kuliko yeye.

Haya mambo ya «usawa» si ya kigeni? Wizara yenyewe ilishapiga marufuku vitabu. (Mzazi, Dodoma)

Kweli, Februari 2023 Wizara ya Elimu ilivizuia shuleni vitabu 16, vikiwemo vya *Diary of a Wimpy Kid*, mfululizo wa Kiingereza wa watoto, kwa maelezo ya maadili. Na wewe nyumbani kwako una haki ya kuchuja. Ila chuja ukiwa umesoma. Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32, unakimaliza ukiwa umesimama dukani. Hadithi ya watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wanaoalikana Idi na Krismasi haikuletwa na meli. Ni mtaa wako.

Nafundisha darasa la tatu. Shule haina bajeti ya vitabu. (Mwalimu, Nairobi)

Wapeleke maktaba. Za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na Book Bunk, shirika linalofufua maktaba za Nairobi, zina vitabu vya watoto. Mkifika mjini, ingieni McMillan. Ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kusoma humo. Waambie hivyo wakiwa wameshaketi.

Kwa darasani, ingia tovuti ya African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014. Hadithi ni za bure, kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Kenya, na unaruhusiwa kuzichapa, kuzinakili, hata kuzitafsiri. Ubora unapishana, nyingine zimeandikwa mbiombio, kwa hiyo soma mwenyewe kwanza. Chapa kwa wino mweusi tu, ni rahisi. Rangi watapaka wenyewe.