Mdogo wako si mvivu: sonona ilivyonikamata mikono na miguu

Mleta mada, umesema mdogo wako miezi miwili sasa anatembea kama mzee, ukimuuliza jambo anakaa kimya kwanza ndipo ajibu, na baba yenu anashikilia kuwa ni uvivu kwa sababu "jioni mbona anachangamka". Hiyo ya jioni ndiyo iliyonitoa mafichoni. Na mimi nilisemwa hivyo hivyo, kumbe ni sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito unaoitwa pia depression.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Desemba ile msimu wa sare za shule umepamba moto, vitambaa vimejaa hadi chini ya meza, nami shati moja linanichukua asubuhi nzima. Huzuni ninayo, ndiyo, lakini kilichonitisha ni mikono. Kutunga sindano tu: tundu naliona, uzi nauona, nauambia mkono nenda, mkono umetulia. Ukija kwenda, unakwenda kama mwiko kwenye ugali uliokwisha kukaza. Miguu nayo ikapoteza mdundo wa kukanyaga, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Kazi niliyoifanya tangu kijana, eti naifikiria hatua kwa hatua.

Bafuni ndiko kulikokuwa na vituko. Nakaa kwenye kigoda, kata mkononi, maji ya moto yanapoa kwenye ndoo. Mke wangu anagonga: "Baba Zai, umelala humo?" Sijalala. Nilikuwa bado sijaanza.

Mwenyewe nilidhani ni uchovu. Aliyegundua ni kijana anayejifunza kwangu, akamwambia mama watoto kuwa fundi siku hizi haangalii watu, na akitembea mikono haichezi. Baadaye nikajua hilo ndilo wataalamu wanalotazama: hatua fupi, mwendo mzito, mikono iliyoganda, kichwa chini, sauti ndogo isiyopanda wala kushuka. Daktari alinitazama kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti, halafu maswali mengi akamuuliza mke wangu. Kuna dodoso la maswali 9 la kupimia sonona, na swali la 8 linahusu hili hasa: je, umekuwa ukitembea au kuongea taratibu kiasi cha watu wengine kuona, au kinyume chake, hutulii? Linauliza habari za wiki 2 zilizopita.

Hicho kinyume kipo kweli. Kliniki nilikuwa nakaa karibu na mama mmoja mwenye sonona kama yangu, lakini yeye kiti kilikuwa kinamchoma. Anasimama, anakaa, anasokota ncha ya khanga mpaka nyuzi zinatoka. Ugonjwa ule ule.

Kuhusu jioni: kwa baadhi yetu, hasa sonona ikiwa nzito, asubuhi ndiyo mbaya kuliko saa zote, jua likishuka mwili unalegea kidogo. Mwambie mzee kwamba hiyo ni tabia ya ugonjwa, haimsuti mtoto. Nilivyoeleweshwa mimi, kuna sehemu za ndani ya ubongo zinazoanzisha mwendo, zinategemea kemikali iitwayo dopamini, na sonona huzivuruga. Ndiyo maana kumpigia kelele "jikaze" hakumsaidii.

Ila msijipe jibu nyumbani. Mimi nilipimwa damu kwanza, wingi wa damu na homoni za thairoidi, ile tezi ya shingoni, kwa sababu upungufu wa damu na tezi iliyolegea humfanya mtu awe mzito vilevile. Kama anatumia dawa yoyote, nendeni nayo, maana zipo zinazokakamaza mwili. Na akifikia kukaa mkao mmoja, hali, hanywi, haongei, hapo hakuna kusubiri kliniki, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipewa fluoksetini, dawa ya sonona. Vidonge hivi si vya kumeza leo ukapona kesho; mimi niliona nafuu wiki ya nne. Na kazi nilirudi kwa vifungo. Kijana ananiwekea mashati mawili, kazi yangu vifungo tu, niwe nimefurahi au sijafurahi. Wiki iliyofuata manne. Cherehani sikuigusa mpaka mwezi wa pili.

Sasa hili shika sana. Mikono yangu iliamka kabla ya moyo. Mke wangu alikuwa ameonywa: mgonjwa akianza kupata nguvu huku mawazo bado meusi, huo ni wakati wa hatari, kwa sababu lile wazo la kujidhuru alilokosa nguvu ya kulitimiza sasa anaweza kulitimiza. Wiki zile hakuniacha peke yangu, nikamwona ananisumbua. Mdogo wako akianza kuchangamka msishangilie mkaondoka. Muulizeni waziwazi kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani.

Mkienda, andika kwenye karatasi anachukua muda gani kuoga, kuvaa na kumaliza sahani ya chakula, maana yeye mwenyewe atasema "niko sawa". Ukipata majibu ya vipimo, rudi hapa utuambie.