Begi la Mgongoni Lisilo na Mambo Mengi: Niliyojifunza Kati ya Mikindani na Mtwara

Kwa miaka saba sasa nimekuwa nikitoka Mikindani, ninakoishi, kwenda Mtwara mjini, ninakotunza hesabu za wakulima wa korosho, na mara mbili au tatu kwa mwezi hupanda basi la Lindi na kurudi siku hiyohiyo. Katika safari zote hizo mgongoni huwa na begi, lile ambalo wengi hapa kwetu bado huliita shanta, na sina chombo kingine ninachokigusa mara nyingi zaidi kwa siku, ukiacha simu. Ndiyo maana naamini kwamba begi la kila siku linastahili kuchaguliwa kwa uangalifu uleule ambao mtu huutumia anapochagua baiskeli au godoro, na kwamba begi zuri kuliko yote ni lile ambalo aliyelibuni alijua cha kuacha.

Sikuanza na imani hiyo. Begi langu la kwanza lilikuwa na mifuko 11, nami nililinunua kwa sababu ya mifuko hiyo. Kulikuwa na mfuko wa kalamu, mfuko wa miwani ambayo sivai, kimfuko kidogo begani ambacho hata kidole kilipita kwa shida, na kamba za kufungia vitu ambavyo sikuwahi kuvifunga. Nikiwa kwenye daladala, kondakta amenyoosha mkono akisubiri nauli, nilifungua zipu ya kwanza, ya pili na ya tatu kabla ya kuiona pochi, huku abiria wa pembeni akinisogezea goti ili nipate nafasi ya kupekua. Mifuko mingi ilinifanya nisahau kila kitu kilipo, na kwa kuwa nafasi ilikuwepo, nilizidi kuijaza.

Kilichonihuzunisha zaidi ni namna begi lile lilivyozeeka. Zipu zake zilikuwa za chuma, nasi tunaishi kando ya ghuba, ambako upepo huleta chumvi hadi kwenye bawaba za madirisha; kabla ya mwaka kwisha meno ya zipu yalikuwa yameota kutu ya kijani na kichwa chake kilikwama nusu ya njia. Kisha ule utando wa ndani unaozuia maji, ambao kwa mabegi mengi hutengenezwa kwa poliurethani, aina ya plastiki laini, ukaanza kunata. Joto na unyevunyevu huuvunjavunja utando wa aina hiyo polepole, hata begi likiwa limetundikwa tu ukutani, na mwishowe hubanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Oktoba moja, msimu wa korosho ukiwa umeanza, nilitoa stakabadhi za mzee mmoja wa kutoka vijiji vya Tandahimba nikazikuta zimegandana na vipande vyeupe vya utando ule. Nilizibandua moja baada ya nyingine kwa ukingo wa kisu, naye amekaa mbele yangu ananitazama kimya. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo mkulima hufikisha korosho ghalani na kupewa karatasi, karatasi ile ndiyo ushahidi wa kilo alizozifikisha, na tarakimu mbili zilikuwa zimefutika. Tulizipata tena kwenye daftari la ghala, lakini aibu ile ninayo hadi leo.

Nililipeleka begi kwa fundi mmoja anayeshona mabegi na viatu karibu na soko kuu. Aliligeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye mishono, akanirudishia. Aliniambia, "Mwanangu, begi usilitazame usoni, litazame tumboni." Halafu akanionyesha begi jingine alilokuwa akilibadilishia mkanda mmoja, ambalo kwa nje halikuwa na lolote la kuvutia macho. Ndani, kila ukingo wa kitambaa ulikuwa umefunikwa kwa utepe na kushonewa ndani yake, hakuna nyuzi zinazochomoza, na pale mkanda wa bega unapoungana na mwili wa begi palikuwa na mshono mnene uliorudiwa huku na huku hadi ukafanana na kovu. Pale ndipo uzito wote huvutia, akasema, na pale ndipo mabegi mengi anayoletewa huchanika.

Tangu siku hiyo naanzia hapo. Nageuza begi, natazama maungio ya mikanda, navuta kwa nguvu kidogo, kisha nakwenda kwenye kitambaa. Muuzaji akikutajia namba kama 420 au 1000, anazungumzia denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Chukua uzi mmoja, uutandaze kutoka Mikindani hadi unapokaribia mjini, kisha uupime kwenye mzani: ukiwa na gramu 420, hiyo ndiyo denia 420. Namba kubwa humaanisha uzi mnene, lakini si lazima iwe bora kwako, kwa sababu kitambaa cha denia 1000 ni kizito na kigumu, na kwa mtu anayebeba daftari, kompyuta mpakato ndogo na chakula cha mchana, nailoni iliyofumwa vizuri ya denia 420 au 500 inatosha kabisa.

Zipu ziwe za plastiki, zile za meno ya msokoto, yaani uzi wa plastiki uliozungushwa kama springi, na ziwe nene. Hazioti kutu, na kichwa kikilegea fundi hukibadilisha kwa dakika chache. Bitana, kama ipo, iwe ya rangi nyepesi. Begi jeusi lenye bitana nyeusi ni kisima, hasa umeme ukiwa umekatika.

Kuhusu ukubwa, nimeishia kwenye lita 18 hadi 20, na hapa ningependa msomaji anielewe vizuri, kwa kuwa wengi hudhani begi kubwa ni akiba. Begi kubwa hujazwa. Lita moja ya maji ni kilo moja, mwavuli, chaja, faili mbili, na kabla hujafika kituoni umebeba kilo nane ambazo nusu yake hukuzihitaji. Mwaka 1978 kampuni ya Fjällräven ya Uswidi ilitoa begi la Kånken kwa ajili ya watoto wa shule, wakati maumivu ya mgongo yalipokuwa yakizungumzwa sana nchini humo, na umbo lake lilitokana na kitu kimoja tu: nafasi ya kutosha mafaili mawili ya karatasi za A4. Lita 16, mfuko mmoja mkubwa, mdogo mmoja mbele na miwili bapa pembeni, basi. Sijawahi kulimiliki, lakini naheshimu sana wazo la kupima kwanza kinachobebwa ndipo kitambaa kikatwe.

Begi langu la sasa lina nafasi kuu moja, kifuko bapa kinachokaa mgongoni kwa ajili ya kompyuta, na mfuko mmoja wa mbele wenye funguo, pochi na kalamu. Kitu kizito kikikaa karibu na mgongo, mabega hayavutwi nyuma, na kwenye daladala iliyojaa naligeuza kifuani bila kumsumbua mtu kwa sababu halina kamba zinazoning'inia. Ndani yake hukaa pia mfuko wa kitambaa uliokunjwa, kwani tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hakuna tena rambo la kukuokoa ukikutana na mihogo mizuri njiani. Samaki husafiri kwenye kapu mkononi, hata wawe wamefungwa vizuri namna gani.

Mtu asidanganywe na neno kwamba begi haliingizi maji. Kitambaa kinaweza kuzuia, lakini mvua zetu kati ya Desemba na Aprili hupenya kwenye mishono na zipu, kwa hiyo karatasi za watu nazitia kwanza kwenye bahasha ngumu ya plastiki yenye kifungo.

Si lazima begi liwe jipya. Hili langu nimelitoa kwenye mitumba kwa shilingi 25,000, na lilikuwa imara kuliko mengi mapya ya bei hiyohiyo. Ukichagua kwenye mtumba, ingiza mkono ndani ukisugue kitambaa kwa kidole gumba. Kikinata, au kikiacha unga mweupe, liache hata kama kwa nje linang'aa. Linuse pia, maana utando unaoanza kuoza hutoa harufu kali ya uchachu ambayo sabuni haiiondoi.

Matunzo yake ni machache. Nikitoka Msimbati au popote penye mchanga wa pwani, nalisuuza kwa maji baridi ya bomba, nasugua mikanda kwa brashi laini na sabuni ya mche mahali jasho lilipokauka, kisha nalitundika kivulini likiwa wazi, kwa kuwa jua kali hudhoofisha nailoni. Zipu nazipaka kipande cha mshumaa mara moja kwa mwezi. Jioni naliacha kwenye msumari nyuma ya mlango, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daladala ya kwanza inapopiga honi barabarani, naweza kulichukua gizani na kuingiza mkono moja kwa moja kwenye nauli.